Misi Otili Ataolewa Lini?

Jumanne, 3 Juni 1958

Zamu ya asubuhi wodini. Watoto watatu, wote wazima. Miguu imevimba. Nimefua sare, nimeianika ndani kwa sababu ya manyunyu. Nimepika uji. Kisha kitabu.

Nilikipata Jumamosi kwenye mnada wa kanisa, katika lundo la vitu vya yule bibi mmisionari aliyerudi kwao. Wenzangu walikuwa wakigombania sufuria. Mimi nikachukua kitabu kisicho na jalada. Nyambura, jirani yangu, aliniuliza nitakipika na nini.

Ni hadithi ya mapenzi, ya Kiingereza, tena ya kuchekesha. Miss Ottley ana miaka arobaini na minne. Kazi yake ni kuoka keki za arusi katika mji mdogo wenye mvua nyingi. Hakuna bibi arusi wa mji ule ambaye hakukata keki yake. Yeye mwenyewe hajaposwa hata mara moja. Wala hasikitiki. Ana paka, ana baiskeli, ana ulimi mkali. Sura ya kwanza haijafika mbali, anaanguka na keki ya ghorofa tatu miguuni pa askofu. Nilicheka mpaka Nyambura akagonga ukuta.

Mimi nina arobaini na moja. Sijawahi kusoma kitabu ambacho mwanamke wa umri wangu si mama wa mtu wala si mchawi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesoma wakati wa chakula, nyuma ya stoo ya mashuka. Ugali ukapoa.

Nimejiuliza kwa nini kitabu hiki kinanishika hivi. Jibu si gumu. Mama alipokufa kule Maragoli nilikuwa msichana, na mdogo wangu Enosi alikuwa bado ananyonya. Nilimlea yeye na wenzake. Halafu nikaenda kusomea ukunga. Halafu kazi, Nakuru. Wachumba walikuja wakapita, kama gari la moshi lisilosimama stesheni ndogo. Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Watu hudhani nina huzuni. Sina. Ila siku hizi natamani kuendelea kusoma.

Jumatano, 11 Juni

Klabu ya akina mama. Tunafuma sweta katika ukumbi wa Bondeni, na Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, ndiye msimamizi. Leo alikuwa na mafua, hakuja.

Nyambura akawaambia wote kwamba nina kitabu kinachonichekesha peke yangu kama mwenda wazimu. Wakataka kusikia. Nikakataa. Wakaweka sindano chini. Nikawasimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Jina la Miss Ottley likawa Misi Otili. Wamempenda. Wanamhurumia kwa kukosa watoto, wanamhusudu kwa kuwa na baiskeli. Nilipofika pale anapohamia Bwana Farrow, mfuga nyuki asiyejua kufunga tai, mama mmoja akasema, "Huyo ndiye." Nikamwambia asubiri. Hakutaka kusubiri.

Nyambura alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe yuko kizuizini tangu mwaka wa hamsini na nne. Tumepakana ukuta miaka hiyo yote. Kikohozi chake nakijua. Kicheko chake sikuwa nakijua.

Nitaendelea Jumatano ijayo. Nimeahidi.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ndefu. Msichana anaitwa Tabitha, kutoka shamba moja la Subukia, mimba ya kwanza. Uchungu ulianza alfajiri, ukawa unakuja na kurudi. Mtoto amekaa vizuri, mama ndiye aliyejawa na hofu. Kila uchungu ulipokuja alikuwa anakaza mwili mzima.

Nilijaribu maneno ya kawaida. Hayakufaa. Nikaanza kumsimulia sura ya nyuki.

Ni arusi ya binti wa hakimu. Keki ya Misi Otili iko mezani bustanini, sukari tupu. Nyuki wa Bwana Farrow wanahama siku hiyohiyo, wanaikalia keki yote, haionekani. Hakimu anapanda juu ya meza. Askofu anakimbilia bwawani na joho lake. Bwana Farrow anakuja polepole, anaomba radhi, anamvua Misi Otili kofia kichwani na kukusanyia nyuki ndani yake, na wakati wote huo anamsifia keki.

Tabitha alicheka. Mwili ukalegea. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Kisha nikasikia mwanamume anacheka nje ya dirisha, sauti nzito.

Nikatoka kumgombeza. Mtu mrefu, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, mpaka kope. Nikamwambia kwa heshima, "Mzee, hapa ni wodi ya wazazi, wanaume hukaa kule langoni."

Akasimama akavua kofia. "Samahani, Sista. Lakini mimi si mzee. Ni vumbi."

Ni mjomba wa Tabitha. Jina lake Joeli arap Tanui. Anafanya kazi Kariandusi, wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga. Alipopata habari alitoka kazini moja kwa moja, hakuoga. Nikamwonyesha lango. Akaenda hatua chache, akageuka.

"Na yule askofu, alitoka bwawani?"

Nikamwambia alitoka. Sikucheka mbele yake. Nilicheka ndani.

Jioni Tabitha akajifungua mtoto wa kike. Analia kwa nguvu.

Jumatano, 18 Juni

Mama Mchungaji amepona mafua. Amesikia habari. Alituambia hadithi hii inafundisha wanawake kumcheka askofu, na kwamba mwanamke asiye na mume hafai kuwasimulia wenye waume mambo ya mapenzi. Ukumbini pale, ni marufuku.

Wote wakafuma.

Nimekasirika. Ningenyamaza kama angesema hadithi ni mbaya. Lakini alisema mimi ndiye mbaya.

Tulipotoka nikawaambia mlangoni: Jumatano, baada ya klabu, nyumbani kwangu. Kila mtu aje na kigoda chake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni vizuri. Walichouliza ni kama nina majani ya chai ya kutosha.

Jumatatu, 23 Juni

Matroni ameniita. Kuna mtu amemwambia nasimulia wagonjwa hadithi chafu. Nilimpelekea kitabu, nikakiweka mezani. Nikamwambia kina busu moja, na limetokea wakati wote wawili wamevaa makoti ya mvua. Alipekua kidogo. Alisema kazini nifanye kazi. Sawa. Kazini nitafanya kazi. Nje ya lango mdomo ni wangu.

Saa ya kuwaona wagonjwa, Joeli akatokea. Tabitha ameshatoka tangu juzi, kwa hiyo hakuwa na mgonjwa. Alisema amepita tu. Njia ya Kariandusi haipiti hapa.

Alikuwa ameoga. Nywele ni nyeusi, na mvi chache pembeni. Ni wa umri wangu, labda amenizidi kidogo. Tuliketi kwenye benchi la nje mpaka kengele ikalia. Alipokuwa vitani Burma, kwao Kericho walipata habari kwamba amekufa. Msichana aliyekuwa amemchumbia akaolewa. Aliporudi alimkuta na watoto wawili. "Nikawasalimu," alisema. "Watoto wazuri." Akatafuta kazi, na miaka ikaenda.

Alisimulia bila kujihurumia. Nilipenda hilo.

Aliomba nimsimulie kilichofuata baada ya askofu. Nikamsimulia.

Jumapili, 29 Juni

Joeli alikuja baada ya ibada. Tulitembea kuelekea ziwani. Heroe wengi, harufu mbaya, upepo baridi. Nilisimulia sura nne njiani, kwenda na kurudi.

Tulibishana. Mimi nasema Misi Otili anachelewa kusema. Yeye anasema anayechelewa ni Bwana Farrow, mtu gani huyo anamletea mwanamke asali majuma kumi na hasemi neno. Nikamwuliza kama yeye angesema. Akatazama ndege.

Yeye ni Mkipsigis, mimi Mlogoli. Tunaongea Kiswahili, ambacho si lugha ya mama wa yeyote kati yetu. Kwa hiyo hakuna anayemshinda mwenzake kwa maneno.

Nampenda. Nimeliandika nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi kazini nikamkuta Enosi kibarazani na mkoba wake. Nilifurahi. Furaha haikumaliza kikombe cha chai.

Mzee Musa, mzee wa kanisa kule nyumbani, amefiwa na mkewe. Ana watoto wanane. Anatafuta mtu mzima, mcha Mungu, asiye na mambo mengi. Enosi amempa neno. Anasema Baba amezeeka na anataka kuniona mahali pangu kabla hajafa.

Nilimwuliza Mzee Musa anajua nini kunihusu. Enosi akasema anajua nimelea watoto na ninajua kutibu.

Kwa hiyo anatafuta yaya na muuguzi kwa pamoja.

Enosi akasema, "Dada, umri huu unachagua nini?"

Nilimbeba mgongoni huyu. Nilimtafunia viazi. Nilimwambia mimi si jembe, siazimwi kwa jirani aliyevunjikiwa la kwake. Akasema nimeharibiwa na mji. Nikampa blanketi na chakula. Jibu langu ni hapana, na nimemwambia mara moja tu. Halihitaji mara ya pili.

Nina hasira, na nina hofu kidogo kwamba Baba kweli alisema hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Enosi ameondoka asubuhi. Aliniaga kwa upole mno. Sikupenda upole ule.

Joeli aliahidi kuja leo. Nilichinja kuku. Nilivaa gauni la samawati.

Hakuja.

Kuku nimempelekea mama mwenye nyumba. Sikuwa na njaa.

Jumatatu, 14 Julai

Sasa najua.

Nyambura amerudi leo kutoka Njoro kwa dada yake. Aliondoka Jumamosi mchana, mara tu alipopata ruhusa ya kusafiri, wakati mimi niko zamu. Alidhani nimeshaambiwa. Kumbe Joeli alikuja Jumamosi hiyo, si Jumapili. Alikuwa amevaa koti. Alimkuta Enosi kibarazani. Nyambura alikuwa anafunga mzigo wake na ukuta wetu hauna siri.

Enosi alimwambia dada yake ameshaposwa nyumbani na mzee wa kanisa, mambo yamekwisha, akamshukuru kwa kuja, akamtakia safari njema. Joeli akasema asante. Akaenda.

Nyambura anasema alitembea kama mtu aliyebeba maji.

Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Halafu nimeinuka, nimepika, nimekula. Mtu mwenye hasira asiwe na njaa pia.

Jumatano, 16 Julai

Akina mama walikuja na vigoda vyao. Nimewasimulia sura ambayo Misi Otili anasikia uvumi kwamba Bwana Farrow anamwoa mjane mwenye mashamba. Anajificha nyuma ya jiko lake la kuokea kila anapopita. Siku moja anajificha hadi keki inaungua na watu wa zimamoto wanakuja na mpira wa maji. Walicheka wote. Mimi nilisimulia vizuri lakini sikucheka.

Walipoondoka nilisoma kitabu mpaka mwisho. Uvumi ulikuwa uongo. Bwana Farrow anaingia dukani, amelowa, anasema maneno yake yote kwa mara moja, na anakosea jina lake mwenyewe. Utamu mtupu. Nilifunga kitabu huku natabasamu.

Halafu nikafikiri. Misi Otili nampenda, lakini alingoja. Kama yule mwanamume asingepita dukani siku ile, angengoja mpaka meno yang'oke.

Jumamosi siko zamu. Ninakwenda Kariandusi.

Jumapili, 20 Julai

Nataka kuandika ya jana yote, nisisahau.

Gari la moshi, daraja la tatu, nikateremka Elmenteita. Kutoka pale kwa miguu. Ardhi inaanza kuwa nyeupe kabla hujafika. Majani meupe, mbuzi weupe, viatu vyangu vyeusi vikawa vyeupe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yaliniishia getini.

Nilimwulizia Joeli arap Tanui. Kijana mmoja akaita kwa sauti, na wanaume wakatoka mapangoni kama watu waliomwagiwa unga. Sikuweza kumtambua. Kisha mmoja akavua kofia.

Alinipeleka kivulini chini ya mgunga. Wenzake hawakurudi kazini. Wakajifanya wanakunywa maji.

"Sista," akasema. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimesikia ulikuja Jumamosi."

"Nilikuja. Ndugu yako alinipa mkono kama mtu anayefunga mlango."

"Enosi amesema nimeposwa. Sijaposwa. Mimi sikumwahidi yule mzee kitu. Aliyeahidi ni Enosi, akaolewe yeye."

Joeli alianza kucheka. Vumbi likamtoka kichwani. Alicheka hadi akalazimika kushika mti, na nyuma yetu wale wanywaji maji wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Alipotulia akasema, "Umetoka Nakuru kuja kuniambia hayo tu?"

"La. Nimekuja kukuuliza kama utanioa."

Nililisema kwa sauti ileile ninayomwambia mama asukume. Ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo.

Aligeuza kofia yake mikononi. Nikaona nimeharibu. Nikaendelea hivyohivyo, kwa sababu lilikuwa limebaki jambo moja na sikutaka alijue baadaye. Nikamwambia mimi ni mkunga, najua mwili, na kwa umri wangu asitegemee mtoto. Akikataa kwa hilo sitamlaumu.

Akasema ana wapwa wanaoweza kumaliza gunia la mahindi wakati anafunga mlango. Akasema wiki nzima alikuwa anatupa udongo mahali pasipotakiwa, na msimamizi wake alimwuliza kama anaumwa. Akasema lile koti la Jumamosi alikuwa ameliazima, ili aje kuuliza neno hilohilo.

"Basi uliza," nikamwambia.

"Dorika, utakubali nikuoe?"

Ndiyo mara ya kwanza kuniita jina langu. Nikasema nitakubali.

Alitaka kunishika mkono, akatazama wake ulivyo, akasita. Nikaushika.

Nilirudi Nakuru nikiwa na alama nyeupe ya vidole kwenye mkono wa sweta. Mwenye tikiti aliniuliza kama nimegusa rangi.

Jumatano, 23 Julai

Leo wamesikia mwisho wa Misi Otili. Chumba kilijaa, wengine wamekaa mlangoni. Niliposema Bwana Farrow amekosea jina lake mwenyewe walipiga vigelegele hadi nikaogopa askari atakuja kuuliza ni mkutano gani.

Kisha maswali. Ng'ombe walikuwa wangapi? Hakuna. Wakanung'unika. Ndugu zake walikuwa wapi? Hakuwa nao. Wakamsikitikia upya. Mmoja anataka kujua kama walipata mtoto. Kitabu hakisemi.

Nyambura akauliza kama Bwana Farrow angefungwa miaka mingi, Misi Otili angemngojea. Nikamwambia kitabu hakina jambo hilo. Akasema, "Mimi nasema angengoja. Na angefungua duka kila asubuhi vilevile." Wakakubali wote. Sikuongeza neno. Lake lilitosha.

Ndipo nikawaambia na langu. Nilidhani watashangaa. Kumbe Nyambura alikuwa ameshawaambia.

Jumapili, 17 Agosti

Maragoli, nyumbani kwa Baba. Nimemleta Joeli, pamoja na mjomba wake mmoja anayejua taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilisema moyoni kwamba watakachokataa nitakisikiliza, na kisha nitaolewa.

Enosi hakutaka kusalimia. Alikaa upande wa zizi.

Baba haoni vizuri tena. Alimwita Joeli karibu, akamshika mkono, akaupapasa kiganja kwa muda. Akasema kwa Kilogoli kwamba huu ni mkono wa mtu anayeamka mapema. Nikafasiri. Akaniuliza mimi, si Joeli, "Huyu umemtaka mwenyewe?"

"Nimemtaka mwenyewe, Baba."

"Basi Enosi alete kiti."

Enosi alileta. Hakutazama mtu, lakini alileta. Nikamwuliza Baba kama ni kweli alitaka niende kwa Mzee Musa. Akasema alichosema ni kwamba angependa nipate mtu wa kula naye. Hakutaja jina. Mzee Musa mwenyewe ameshaoa, mwalimu wa shule ya Jumapili kutoka Vihiga. Hakungoja hata mwezi.

Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Si huzuni.

Jumapili, 31 Agosti

Mvua tangu mchana. Mlima Menengai hauonekani. Arusi tumepanga baada ya mavuno, Mama Mchungaji ameniuliza kwa adabu kama kwaya iimbe. Nimesema iimbe.

Joeli alikuja na viazi kutoka kwa Tabitha. Amevimenya mwenyewe, ngozi nene mno, nusu ya kiazi imekwenda na maganda. Tumekula. Nyambura alipita kuomba chumvi, akakaa kidogo, akaenda.

Sasa nasubiri mvua ipungue ili Joeli awahi gari. Amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Anakoroma. Hakuna aliyeniambia juu ya hilo. Nimejaribu kumgeuza kichwa, akaendelea upande wa pili.

Nitazoea.